Jiwe la Juu, Jiwe la Chini

Mama yangu aliikimbia vita na vitu viwili: mimi mgongoni na jiwe mkononi. Mimi alinibeba kwa kukusudia. Jiwe hakulikusudia. Alikuwa nje ya nyumba anasaga mtama, kwenye kilima kimoja upande wa Muyinga, watu walipopita mbio wakisema ondokeni. Akainuka hivyo hivyo alivyokuwa, akanifunga, akashika njia. Walikuwa wameshavuka bonde na kuanza kupanda upande wa pili baba alipomuuliza ameshika nini. Mama akatazama. Lilikuwa jiwe la kusagia, lile dogo la juu linaloshikwa kwa mikono, ambalo Kirundi tunaliita ingasire. Jiwe la chini, lile kubwa, lilikuwa limebaki uani na mtama wake juu. Mpaka leo sielewi alinifungaje mgongoni huku ameshika jiwe, na yeye mwenyewe haelewi.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hakulitupa. Aliniangalia kwa jicho la kuniuliza nimetoka wapi. Jiwe lile alilichonga baba. Baba alikuwa mwashi, mtu wa Nyarusange huku Gitega, aliyefuata kazi ya kujenga huko Muyinga akiwa na mke mpya, na kitu cha kwanza alichokitengeneza katika nyumba yao, kabla ya kitanda, kilikuwa mawe hayo mawili. La chini alilichimba kibonde kidogo, la juu akalikwangua mpaka likakaa sawasawa mikononi mwa mama. Mikono ya mama ni midogo. Watu wengine walilishika wakalalamika.

Kambini Tanzania, nilikokulia, jiwe lilikosa kazi. Unga wa msaada ulikuja umeshasagwa. Basi likawa la kila kitu: upepo ukija linakandamiza shitingi, lile turubai la plastiki tulilojengea kibanda, mlango ukigoma kutulia linaushikilia, na wadogo zangu waliozaliwa kule walilitumia kupasulia karanga. Baba alisema mara nyingi kwamba atachonga jiwe jingine la chini, mawe ya kufaa yapo upande wa mtoni. Mama alikataa kila mara. Alisema la chini lipo. Alisema hivyo kama mtu anayesema sufuria iko jikoni.

Amani ilipotulia tukarudi. Tulirudi Nyarusange, maana huko ndiko kulikuwa na shamba la ukoo wa baba, na baba akajenga tena, akalima, na baada ya miaka kadhaa akafa kitandani kwake, jambo ambalo mama hulitaja hadi leo kama baraka. Jiwe likaendelea kushika mlango. Mimi nikaolewa palepale jirani, nikalima maharage, nikazoea.

Halafu mwaka mmoja maharage yalikubali. Yalikubali kiasi kwamba nilimuuliza mama anataka nini, chochote, aseme. Nilitegemea kitenge. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria rangi. Mama akafunga kilemba chake upya, dalili kwamba jambo lenyewe si dogo, akasema anataka kwenda Muyinga kuchukua jiwe la chini.

Nikamwambia mama, miaka yote hiyo, nyumba yenyewe haipo. Akasema nyumba haipo, sawa, lakini jiwe nani atakula? Jirani yao wa ua kwa ua, mwanamke aliyekuwa mwenzake wa kuchota naye maji, alikuwa anajua jiwe ni la nani. Kama huyo jirani yu hai, jiwe lipo. Nikaona mambo mawili kwa mpigo: kwamba amelifikiria jambo hili kila siku tangu tulipokuwa shitingini, na kwamba tusipolikuta itakuwa kazi kumrudisha nyumbani akiwa mzima moyoni. Niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshasema chochote.

Gari nililipata soko la Gitega, na pamoja na gari nikapata kiongozi wa safari, kwa sababu mwenye gari hakukubali kutenganisha vitu hivyo. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, muuza vitenge, aliyekuja Burundi kwao kulipochafuka. Siku za soko alipeleka mzigo Muyinga, na siku nyingine alitembeza wageni, hasa Warundi waliokuja likizo kutoka Ulaya, akiwaonyesha nchi nzuri. Nilikasirika kidogo. Nikamwambia mimi ni Mrundi, sihitaji mgeni wa kunionyesha Burundi. Akaniuliza kwa upole kama nimeshawahi kufika Karuzi. Ukweli ni kwamba nchi yangu nilikuwa naijua kutoka Nyarusange hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi Mushasha wanakosoma watoto wangu, basi. Kuna vichochoro vya kambini ninavyovijua vizuri zaidi.

Tuliondoka asubuhi na ukungu bado mabondeni. Gari lilikuwa pikapu ya zamani iliyotunzwa, na kamba za kufungia mizigo zimekunjwa vizuri nyuma. Mama alikaa mbele dirishani, mimi katikati, jiwe mapajani mwa mama ndani ya kitenge. Kiongozi wetu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila tulipofika pahali anapopapenda, alizima injini kabla ya kufika, akaacha gari liserereke lenyewe mpaka likasimama, akangoja kimya kidogo, kisha akanyoosha mkono na kusema, "Voilà," Kifaransa cha tazameni. Baada ya hapo ndipo maelezo yalianza. Milima, mashamba ya kahawa, daraja la Ruvubu na maji yake ya udongo, kila kitu kilikuwa na maelezo. Mimi nilikodi gari, sikukodi hotuba, na nilijitahidi hilo lionekane usoni. Lakini mama alimwitikia kila kituo, akamshukuru, akasema kweli ni pazuri, na yule bwana akazidi kunenepa kwa furaha.

Nitasema haki: palikuwa pazuri. Migomba inashuka hadi bondeni, halafu mpunga, halafu migomba inapanda tena. Baiskeli zilitupita kwenye mteremko zikiwa na mikungu ya ndizi, wenyewe wakiwa wamelala juu ya usukani. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa na miaka mingi nchini kwangu na sijayaona haya, na hilo nalo likanikasirisha.

Baada ya Karuzi mama akaacha kuitikia. Kiongozi alisimamisha gari mara mbili, akasema voilà yake, na mama akaangalia mbele tu. Nilimshika mkono, nikakuta baridi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba haijui njia hii hata kidogo. Hakuna mti, hakuna kona, hakuna kilima anachokitambua. Jina la kilima alikuwa nalo, ndiyo, lakini kwetu kilima kimoja kinabeba watu wengi kuliko kijiji, na njia za kuingilia ni nyingi. Kiongozi aliuliza watu barabarani, na kila mmoja alitaka kujua sehemu ipi, kwa nani, karibu na nini. Nyumba zote zilikuwa za bati, na yeye aliacha za nyasi. Mikaratusi ilikuwa imeota kila mahali. Nikaanza kupanga kichwani maneno ya kumfariji, na kila neno nililoliokota lilikuwa bovu.

Tukasimama kwenye kabare moja, baa ndogo ya barabarani, kula mishikaki na ndizi za kuchoma. Mama hakula. Alizunguka nyuma ya nyumba kujisaidia, na aliporudi hakuja mezani. Alisimama katikati ya barabara, amegeukia kule tulikotoka, na mkono juu ya macho. Nikamkimbilia, maana magari ya mizigo ya kwenda mpakani hapo hayana mchezo.

"Kile kilima nakijua," akasema.

Nikamwambia hicho tumekipita sasa hivi, na kiongozi amekieleza kuanzia chini hadi juu. Akasema ndiyo, lakini alionyeshwa uso wa kilima. Yeye hakuwahi kuuona uso wake.

"Mimi nilikuwa natembea na kugeuka," akasema. "Natembea, nageuka. Mpaka nchi ikaisha. Nchi hii naijua mgongo."

Hapo nikaelewa, na nikajiona mjinga. Kwenda Muyinga kutoka Gitega ni kuelekea kulekule walikokimbilia. Siku ile vita iliwasukuma kwanza upande wa Karuzi, ndipo wakazunguka na kuifuata barabara hii kuelekea mpakani, wakipita tena mbele ya njia ya kwao. Vitu vyote alivyovikumbuka vilikuwa nyuma yetu, na sisi tulikuwa tumemkalisha mbele kwa heshima, dirishani, aangalie kioo. Siku ya kurudi kutoka Tanzania hakuona kitu, tulikuja ndani ya lori lililofunikwa turubai. Na tangu aolewe alikuwa amepita njia hii akienda mara moja tu, bibi harusi aliyejifunika na anayelia.

Akasema atakaa nyuma ya pikapu, atazame nyuma. Kiongozi wetu aliacha mshikaki hewani. Nadhani katika kazi yake yote hakuna mgeni aliyewahi kumwomba hivyo.

"Mama, bon, kule nyuma hakuna siti," akasema. "Iko vumbi, iko jua. Na barrière iko mbele, polisi ataniuliza mi naambia yeye nini?"

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kilichonyooka, kwamba polisi aambiwe huyu mzee anatafuta kwao. Bwana yule akamtazama mama, akatazama pikapu, kisha akaingia ndani ya kabare na kutoka na kiti cha mbao. Mwenye kabare alikuwa mbele yake anacheka. Alikuwa amekubali kukiazima kwa sharti kwamba tukirudi tunywe kwake. Kiongozi akakifunga kiti kwa kamba zake za vitenge, miguu yote minne, akakitikisa, akafunga tena. Akamkabidhi mama mwavuli. Mimi nikakaa sakafuni nikishikilia miguu ya kiti, vumbi lote langu, na mama akaondoka pale ametulia juu ya kiti chake kama askofu kwenye maandamano. Watoto wa barabarani walimpungia mkono na yeye akawapungia.

Haukupita muda tukagundua kwamba kiongozi hasikii tukimwita. Mama ndiye aliyepata dawa. Alitoa jiwe kwenye kitenge akagonga ubavu wa gari. Ukigonga mara moja, mwendo unapungua. Ukigonga mfululizo, gari linasimama. Ikawa ndiyo lugha yetu. Kila kilima kilipojitokeza nyuma yetu na kukaa vizuri, mama alinieleza: pale tulipumzika, pale baba yako alikwenda kutafuta maji akachelewa nikafikiri amekufa, pale ulilia ukanyamaza mwenyewe. Ilikuwa kinyumenyume, tulianzia mwisho wa njia na yeye anarudi mwanzo wake, hapana, nakosea, hata mimi nilichanganyikiwa. Nchi ilikuwa inatoka chini ya miguu yetu na kurudi nyuma, na yeye anaipokea. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa mgongoni mwake siku ile, kwa hiyo kwa namna fulani mandhari hayo yote niliyaona kabla ya kiongozi, na sikumbuki hata jani.

Kwenye kizuizi polisi kijana alizunguka gari, akamtazama mama, akatazama kiti, akauliza. Kiongozi alishuka akamjibu kwa adabu zote kwamba huyu ni mama yake na leo ndiye anayeongoza. Polisi akampigia mama saluti, akatupitisha.

Kisha mama akagonga. Aligonga mfululizo na hakuacha hata gari liliposimama, nikamshika mkono ili asivunje kitu. Palikuwa na njia nyembamba inayoshuka katikati ya kahawa. Mimi nisingeiona. Mama alikuwa ameshaanza kushuka kwenye pikapu kwa mgongo, kiongozi amempokea chini kama anapokea furushi la kitenge ghali.

Nilitembea nyuma yao. Kama yule jirani amekufa. Kama wapo watu wengine kabisa, wenye mbwa na maswali. Mama alikuwa anatembea haraka, mikono miwili imeshika jiwe kifuani.

Uani kulikuwa na mzee mmoja mwanamke, mwembamba, anachambua maharage kwenye ungo. Aliinua kichwa. Hawakupiga kelele, wala mmoja wao hakutaja jina la mwenzake. Walishikana mikono, kisha viwiko, kisha mabega, kama tunavyosalimiana kwetu, lakini hawakuachia. Walisimama hivyo muda mrefu mpaka kiongozi akageuka akaanza kukagua kahawa. Nililia, sioni sababu ya kuficha.

Mambo mengine yakafuata utaratibu wake, na utaratibu wetu ni mrefu. Tukaletewa pombe ya ndizi. Waliulizana habari za watoto, mmoja mmoja, wazima na waliokufa. Waliulizana habari za mvua. Mama hakutaja jiwe, lilikuwa miguuni pake limefunikwa kitenge, na jirani hakuuliza kilichofunikwa ni nini. Nilitaka kusema mimi. Mama alinikata jicho, nikanywa pombe yangu.

Mwishowe jirani mwenyewe alisimama, akamshika mama mkono, akampeleka jikoni nyuma ya nyumba. Nikafuata. Jiwe la chini lilikuwa pale, karibu na mafiga, limezama kwenye udongo wa sakafu, na ukuta wa jiko ulikuwa umejengwa kulizunguka. Pembeni kulikuwa na mtama uliosagwa nusu. Jirani akasema kwa Kirundi, akitazama chini, kwamba siku ile alikuja akakuta mtama wa mama umeachwa juu ya jiwe na mawingu yamefunga. Akaumalizia kusaga, akawapikia watoto wake, nao wakaondoka kesho yake. Waliporudi, jiwe ndilo walilolikuta. Akaomba msamaha kwa mtama ule.

Mama akamuuliza kama ulisagika vizuri.

Jirani akasema ulisagika vizuri sana. Ndipo wakacheka, wakashikana tena.

Mama akapiga magoti. Akafunua jiwe lake, akaliweka juu ya lile la chini, akavuta mtama kidogo, akasukuma. Sauti haikuwa nzuri. Jirani alikuwa amesagia jiwe la mtoni miaka yote hiyo, jiwe nene la duara, na kibonde alichokichimba baba kilikuwa kimefuata umbo la mgeni. Na jiwe letu, kwa kupasua karanga na kushika mlango, lilikuwa limeota ubapa upande mmoja. Mtama ulitoka na punje nzima nzima. Mama hakuacha. Alisukuma, akageuza jiwe, akasukuma, mabega yake yakaanza kupata mwendo ambao sikuwahi kuuona maishani mwangu, na nilidhani namjua mama yangu kila mahali. Punje zikapungua. Jirani akawa anaongeza mtama kwa kiganja bila kuulizwa. Kiongozi wetu alikuwa amesimama mlangoni, na voilà yake mfukoni.

Nikaona jua linaanza kwenda, nikamnong'oneza kiongozi kwamba tutahitaji jembe la kulichimbulia jiwe, na watu wa kulibeba hadi barabarani. Akanijibu kwamba nafasi nyuma iko, kiti kitasogezwa. Mama akatusikia. Akajifuta unga mikononi.

"Liacheni," akasema.

Nikasema mama, tumelifuata hili. Nilisema kwa sauti ya juu kidogo, nakubali, maana vumbi lilikuwa bado kwenye meno yangu.

"Hapa linafanya kazi," akasema. "Kwangu litashika mlango. Baba yako hakuchonga kitu cha kushika mlango." Akasukuma jiwe dogo mpaka likakaa kibondeni. "Na hili nalo linabaki. Nimelitembeza vya kutosha."

Nilipiga magoti pia, nikaligusa. Lilikuwa limepata joto.

Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Jirani alitufungia unga ule tuliousaga, na maharage ya ungo wake, na parachichi. Bado akaona haitoshi. Tulipokuwa tumeshaanza kupanda njia ya kahawa alitufuata akihema, akamtia mama kitu kizito mikononi, akasema safari ni ndefu. Lilikuwa jiwe lake la mtoni. Mama alilipokea kwa mikono miwili.

Barabarani kiongozi alikuwa ameshapandisha mwavuli kwenye kiti. Mama akapita pembeni ya kiti, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa dirishani, jiwe mapajani. Akamwambia yule bwana kwamba sasa anaweza kueleza, asubuhi hakuwa anasikiliza vizuri. Yule bwana hakuamini bahati yake. Alieleza hadi kwenye kabare, tulikorudisha kiti na kunywa kama tulivyoahidi, akaeleza tena baada ya hapo, na mahali pengine alizima injini na kuacha gari liserereke. Lakini kabla ya voilà aliniambia mimi, kwa siri, mama akiwa ameanza kusinzia dirishani:

"Mi sijaonaka hii njia hivi, dada. Miaka yote napita, sijageukaka."

Mama aliamka Gitega. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jiwe la mtoni linashika mlango wake hadi sasa. Wageni wakilisifu kwa uzuri wake, huwaambia si lake, ni la mwenzake wa Muyinga, ameazimwa, na maharage yakikubali tena atampelekea. Kila msimu anakuja shambani kwangu kuyakagua.